Fundi wa Giaboksi na Hesabu Mpaka Tano

Fundi hakumwita mwanafunzi kwa jina. Alimrushia spana. Ukishapigwa ulitakiwa kuiokota na kumpelekea, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anaihitaji. Hivyo ndivyo tulivyojifunza namba za spana. Kumi ilikuwa kama kuumwa na nyuki. Kumi na nne iliacha uvimbe wa wiki nzima. Kumi na tisa ilimng'oa mwenzangu Shabani jino la mbele, na Fundi mwenyewe ndiye aliyeliokota mchangani, akalipangusa kwenye ovaroli lake na kumkabidhi.

"Kalitunze," alimwambia. "Wenzako wakizeeka hawatakuwa na jino hata moja. Wewe utakuwa nalo mfukoni."

Shabani alicheka damu ikimtoka. Ilibidi ucheke. Fundi akitania nawe usicheke, spana ya pili ilikuwa njiani.

Asubuhi tulipofika kazini, mtaa wa Buzebazeba, kabla hatujavua viatu tuliulizana kwa sauti ya chini.

"Leo kaamka na ngapi?"

"Kumi na saba, mwanangu. Kaa mbali naye mpaka anywe chai."

Kigoma na Ujiji kote, giaboksi ya otomatiki ikifa ililetwa kwake. Mafundi wengine waliweza giaboksi za kawaida, zile za kubadili gia kwa mkono. Za otomatiki waliziogopa, kwa sababu ndani yake ni njia za oili nyembamba kama mishipa, na ukikosea mpira mmoja mdogo gari linarudi kwa kuvutwa na kamba. Fundi aliifungua giaboksi juu ya meza ya mbao akavipanga vipande vyake bila kuandika chochote, akizungumza nayo kwa Kiha, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Mtu akipita karibu ya meza ile akapiga chafya, alipigwa. Alimpiga hata mteja mmoja aliyeegemea meza akiongea na simu. Mteja yule alirudi baada ya wiki mbili na gari lile lile, akasimama mbali, mikono nyuma.

Nikisema alikuwa mkali tu nitakuwa namwonea. Chakula cha mchana kilipoletwa, ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, yeye ndiye aliyetugawia, na yeye alikula mwisho. Samaki wa mwanafunzi mdogo kuliko wote alimtoa miiba kwa vidole vyake vinene. Mwaka wangu wa kwanza nilipata malaria nikaanguka chini ya gari. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na mlinzi alipomwambia apange foleni alimpiga kichwa, akampita. Nilikuwa naona mambo kama kupitia maji, lakini nakumbuka sauti yake akimfokea nesi: "Huyu akifa, hapa patakuwa hapafanyi kazi tena." Alikaa na mimi mpaka nikaamka. Nilipoamka alinizaba kofi kwa kumpotezea siku mbili za kazi.

Na mtu huyu aliliogopa ziwa. Hakupanda boti hata siku moja. Hata kwenye mchanga wa Kibirizi, mahali boti za dagaa zinaposhusha, alisimama mbali na mawimbi, na miguu aliiosha kwa kikombe. Mvuvi mmoja alimtania kwamba anaogopa kuumwa na dagaa. Walimtoa mvuvi yule mikononi mwake akiwa hajui jina lake.

Mimi aliniita Kimya, wakati wa kuninyooshea kidole mbele ya wateja. Ilikuwa kweli. Sikuwa naweza kuongea mbele ya watu wawili. Nikitaka kuomba ruhusa ya kwenda chooni nilisubiri mwingine aombe, nikamfuata. Shabani alisema mimi nikioa, shangazi yangu ndiye atakayejibu maswali ya shehe. Lakini Fundi alikipenda kimya changu. Alisema, "Huyu halii bure." Niliichukua kama sifa. Sikupata nyingine, kwa hiyo niliitunza.

Sasa niseme kuhusu kiganja.

Giaboksi ikishafungwa na gari likishazungushwa mpaka sokoni na kurudi, Fundi alimwita mwanafunzi mmoja, akamlaza chini ya gari, akamshika mkono kwenye kiwiko na kukikandamiza kiganja chake juu ya sampo, lile karai la chuma lililo chini ya giaboksi ambamo oili hukaa. Kisha akahesabu kwa sauti. Ukivumilia mpaka tano, giaboksi ni nzima. Ukipiga kelele kwenye tatu, ni mgonjwa, inarudi mezani. Ukilia kwenye moja, imekufa. Alihesabu bila haraka, macho yake yakiwa usoni kwako, na mkono wake haukuachia mpaka ufike tano au ulie. Wateja walikuja kutazama. Walisema hakuna kipimo Tanzania nzima kinachoshinda hicho.

Tuliamini kwamba anatufundisha. Kila fundi ana njia yake, na njia yake ilikuwa kuungua. Kiganja chake mwenyewe hatukukiona kwenye sampo. Shabani alimuuliza mara moja.

"Fundi, wewe mbona hushiki?"

"Mkono wangu ulishamaliza shule," alijibu, na Shabani akapata kumi na nne ya mgongoni.

Na hakuna aliyeachiwa bila kiganja. Kuachiwa ni lile neno fundi analolisema mbele ya watu, kwamba huyu ameiva, mpeni kazi. Bila neno hilo mjini kwetu unaweza kubadili taa na kuziba pancha, lakini hakuna atakayekufungulia boneti akakuonyesha giaboksi yake. Ili uachiwe kwa Fundi ilikuwa lazima upime magari matatu kwa kiganja chako mwenyewe, bila yeye kukushika, useme lipi zima na lipi gonjwa, usikosee hata moja. Waliokuja baada yangu walipima, wakaachiwa, wakaondoka. Shabani alikuwa anangoja zamu yake. Mimi nilikuwa na miaka mitano pale na zamu yangu haikutajwa.

Sikuuliza. Nilikuwa na sababu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa.

Haukufa siku moja. Kwanza ngozi ilikuwa ngumu, kisha nikaanza kushika chuma kilichotoka kwenye moto wa kuchomelea bila kujua, mpaka nione moshi. Kufikia mwaka wa nne kiganja changu kilikuwa kama soli ya kiatu. Mwanafunzi asiye na kiganja alikuwa nini pale? Angerudishwa kijijini Kalinzi siku hiyo hiyo, akapalilie kahawa ya baba yake na kuchekwa. Basi Fundi aliponishika kiwiko nilibahatisha. Nikinusa oili iliyoungua, nilipiga kelele kwenye tatu. Nisiponusa, nilikwenda naye mpaka tano, meno nimeyakaza. Magari mengi nilipata. Fundi aliniita mimi kuliko wote. "Leteni Kimya. Huyu halii bure."

Gari lililotuharibia lilikuwa pikapu ya dizeli ya Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, Kongo. Aliendesha mwenyewe. Mguu wake wa kushoto uliwahi kubanwa kati ya boti mbili ukavunjika vibaya, kwa hiyo hakuweza kukanyaga klachi, na ndiyo maana alinunua gari la otomatiki ambalo wenzake walimshangaa nalo. Alipakia magunia Kibirizi, akapita Mwandiga, akapanda mlima mpaka Kalinzi na vijiji vya mbele. Giaboksi yake ilikufa. Fundi akaitengeneza, nikashikishwa sampo, nikafika tano. Baada ya miezi miwili ikafa tena mlimani. Fundi akaitengeneza tena, nikashikishwa, nikafika tano.

Mara ya pili Fundi alimwambia mbele yetu kwamba tatizo ni yeye. Mwanamke hawezi kupanda mlima na mzigo. Mama Furaha aliwasha gari lake. Aliondoka, na wiki iliyofuata akarudi na kitu alichokifunga kwenye kitenge. Alikuwa amekitoa Bujumbura.

"Papa Fundi," alisema, "hii ni kitu inapima moto ya giaboksi. Saa yake inakaa hapa mbele yangu. Nikipanda mulima, nitaona mwenyewe ni mimi niko naiunguza, ao ni wewe."

Ndani ya kitenge mlikuwa na geji ndogo ya duara yenye mshale mwekundu, sensa ya shaba, ile ya kupokea joto la oili, yenye ukubwa wa kidole gumba, waya mmoja, na kiungo cha shaba chenye midomo mitatu. Fundi alivitazama kama mtu aliyeletewa panya kwenye sahani.

"Kipimo changu hiki hapa," alisema akaninyakua shingoni na kunisogeza mbele. "Kina mikono miwili na kinakula ugali."

"Niko nakulipa kwa kazi," Mama Furaha alisema. "Funga."

Fundi alicheka. Aliichukua sensa, akanipiga nayo kifuani. "Kimya, funga wewe. Kikisema kweli, nakuachia jioni hiyo hiyo, bila magari matatu. Kikisema uongo, nakuvunja huo mkono wa kulia, ukavue dagaa kwa meno. Mmesikia wote?"

Wote walisikia. Fundi akishasema neno mbele ya watu hakulirudisha. Shabani alinitazama, akatazama chini.

Jioni hiyo Fundi alinishikisha sampo ya pikapu ile tena, nikafika tano. Nilianza kazi asubuhi, gari likiwa limepoa. Toka kwenye giaboksi zinatoka paipu mbili za chuma kwenda kwenye rejeta ndogo ya kupozea oili. Moja inapeleka oili ya moto, nyingine inairudisha ikiwa imepoa, na sensa inatakiwa kukaa kwenye ile inayopeleka. Niliwasha injini nikamwomba Shabani azishike zote mbili aseme ipi inaanza kupata moto. Mimi nisingejua. Alisema ya juu. Nikazima, nikaikata ya juu kwa msumeno, nikalainisha ncha kwa tupa, nikakiweka kiungo kile katikati na kukibana kwa nati zake pande mbili. Mdomo wa tatu ulikuwa wa sensa.

Hapo ndipo nilipokosea. Fundi alikuwa na desturi ya kuweka gazeti chini ya kila gari lililofungwa, na tone moja la oili kwenye gazeti lilikuwa kipigo cha siku mbili. Kwa hofu ya tone hilo nilichukua utepe mweupe wa mafundi bomba, ule unaozuia maji kuvuja kwenye nati, nikauzungusha kwenye meno ya sensa mara kumi au zaidi. Nikaikaza. Hakuna tone lililoanguka. Nilipitisha waya kupitia tundu la mpira chini ya dashibodi, mbali na bomba la moshi, nikafunga geji karibu na usukani, umeme nikauchukua penye swichi. Taa yake ndogo iliwaka. Nilifurahi kama mjinga.

Safari ya kujaribu ilikuwa na mzigo kamili. Mama Furaha aliendesha, mimi katikati, Fundi mlangoni. Nyuma magunia ya dagaa wakavu yalirundikwa mpaka juu ya kabini. Mpaka Mwandiga mshale ulilala chini kabisa, na nikajiambia oili haijapata moto. Tukaanza kupanda. Injini ikanguruma, gari likawa linapiga kelele kuliko linavyokwenda, likisita kila kona. Mshale ulilala. Tukapita shule, tukapita kanisa, mshale ulilala. Fundi alianza kucheka taratibu tumboni, bega lake likinisukuma.

"Kimya. Saa yako imefunga swaumu?"

Niligonga kioo cha geji kwa ukucha.

Katikati ya mlima gari lilikataa. Lilinguruma mahali pamoja mpaka Mama Furaha akavuta breki ya mkono na kuzima. Kwenye shamba la kahawa juu ya barabara wanawake waliokuwa wakichuma walisimama kututazama. Fundi alifungua mlango, akanivuta kwa kola nikaangukia kwenye changarawe, akatoa mkanda wa feni nyuma ya kiti.

Sitahesabu alinipiga mara ngapi. Mkanda wa feni una meno kwa ndani. Alipiga mgongo, masikio, na nilipojikunja alipiga visigino. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. Alifanya kama anavyofanya kazi yoyote, kwa mpango. Alipomaliza alitupa mkanda, akachukua nyundo, akanikanyaga kwenye kifundo cha mkono mpaka kiganja changu kikafunguka juu ya jiwe.

"Nilisema mbele ya watu," alisema.

Mama Furaha alikuwa ameshuka, ameshika mlango kwa sababu ya mguu wake. "Papa Fundi! Ukivunja mukono ya ule mutoto, nani ataingia chini ya gari yangu? Wewe? Mupe nafasi aangalie."

Sijui nguvu ya kuongea niliipata wapi. Nilisema, "Fundi, niitoe sensa. Mara moja tu. Kisha uvunje."

"Nahesabu mpaka mia," alisema, akaketi kwenye jiwe lile na nyundo magotini. "Moja. Mbili."

Nikaingia chini. Joto lilinipiga usoni. Nilifungua sensa, na oili ikaruka ikaniunguza shingo. Niliziba mdomo ule wa kiungo kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikaiinua sensa niitazame. "Ishirini na sita," Fundi alisema kule nje. Ilikuwa nyeupe kama mtoto aliyevalishwa sanda, na hapo nikaelewa. Sensa ile ina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni mwili wake wenyewe wa shaba, unaogusa kiungo, kiungo kinagusa paipu, paipu inagusa gari. Nilikuwa nimeivika nguo. Haikugusa chochote. Niliung'oa utepe wote kwa meno, nikatema, nikaikaza sensa ikiwa uchi. "Sabini na mbili." Nikatoka.

"Mama, washa."

Akawasha. Mshale uliruka. Ulipita nyuzi mia, ukapita mia na ishirini, ukasimama karibu na mia na thelathini, sehemu iliyopakwa rangi nyekundu. Mama Furaha alipiga ukelele. "Angalia! Iko naungua! Na mimi sijatembea hata!"

Fundi alikuja dirishani akautazama mshale.

"Uongo," alisema. "Giaboksi hii jana jioni imefika tano. Kimya ameishika."

"Zima maneno," Mama Furaha alisema. "Miaka yote naleta gari kwako, sijaona wewe unatia mukono. Ni batoto tu. Leo tia ya kwako."

Wanawake wa kahawa walikuwa wameshuka mpaka kando ya barabara. Fundi aliwatazama, akanitazama mimi, akaweka nyundo chini. Alilala chali kwenye changarawe, mtu mzima yule, akajisogeza chini ya gari na kuweka kiganja chake kwenye sampo.

"Moja," alisema. "Mbili."

Tulisikia kabla ya kunusa. Ni sauti ya kitu kibichi kikiwekwa kwenye kikaango.

"Tatu. Nne."

Nilimshika mguu nimvute. Alinipiga teke la mdomo.

"Tano," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja saa. "Nzima. Sikuwaambia?"

Alipotoka alikuwa anatabasamu. Aliinuka akajipangusa kwenye ovaroli, na ovaroli likachukua kipande cha ngozi. Mwanamke mmoja wa kahawa alifunika uso. Fundi aliangalia kiganja chake, akakigeuza, akakigeuza tena. Tabasamu lilichelewa kuondoka.

"Papa Fundi," Mama Furaha alisema polepole, "mukono yako ilishakufa."

Alikuwa ananitazama mimi. "Lakini jana ulifika tano," alisema. "Mbona jana ulifika tano?"

Nilimwonyesha kidole gumba changu, kile nilichozibia oili. Kilikuwa kimevimba lengelenge jeupe na mimi nilikuwa sijui.

"Na wangu, Fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Aliketi chini. Kisha akainuka kwa kishindo. "Mwaka juzi! Na magari yote hayo ukanihesabia tano? Umeniua! Mimi wangu una miaka kumi hausikii kitu. Ulidhani nilikuwa natazama nini? Nilikuwa natazama uso wako! Wengine wote wanalia kabla ya moto, waongo. Wewe ulikuwa hulii bure. Kwa nini sikukuachia miaka yote hiyo? Ningekuachia ningepimia nini?"

Nilisikia kila neno. Nilimwona Shabani chini ya magari, na wale waliokuwepo kabla yetu, na mkono wa Fundi kwenye viwiko vyetu, na macho yake. Hakuwa akitufundisha. Alikuwa anatusoma kama Mama Furaha anavyosoma mshale. Na kwa gari hili nilimdanganya bila kutaka, kwa sababu linanuka dagaa toka mbele mpaka nyuma, na harufu ya oili iliyoungua ilipotelea humo.

Nyundo ilikuwa chini karibu yangu. Niliiokota nikampiga nayo begani, upande wa kushoto, kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulilia. Alipiga magoti. Nikainua tena, na kama Mama Furaha hangeuwahi mkono wangu, leo ningeandika haya nikiwa gerezani.

"Inatosha," aliniambia sikioni. "Inatosha, mutoto. Acha ianguke."

Tulisubiri gari lipoe tukashuka taratibu, Fundi nyuma juu ya magunia, akinitukana kila kona mpaka Mwandiga. Hospitali alisema ameanguka toka kwenye gari. Walimuuliza mara tatu, akasema ameanguka. Kesho yake nilifungua rejeta ndogo ya oili ya pikapu ile. Ilikuwa imeziba kwa tope la oili ya zamani, hata pumzi haikupita. Nikaisafisha, giaboksi ikarudi mezani, Shabani na mimi tukaitengeneza. Mshale haukugusa nyekundu tena. Fundi hakurudi kazini. Gereji ilifungwa mwezi huo.

Nilipanga chumba Mwandiga, kando ya barabara, na geji na sensa nilijifunza kuzifunga vizuri. Lakini wateja waliuliza swali moja. "Nani kakuachia?" Nikinyamaza, walinipa breki. Geji ilisema kweli, lakini baada ya ile nyundo sikuthubutu kumdai Fundi neno aliloahidi. Miaka miwili nilifunga breki na springi. Shabani, aliyekwenda kumalizia kwa fundi mwingine, aliniambia wazi.

"Nenda kwa Mzee, mwanangu. Atakuua au atakuachia. Vyote viwili ni afadhali kuliko breki."

Nilimkuta Fundi Ujiji, nyumbani kwa dada yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki uwanjani. Mkono wa kushoto ulikuwa umelazwa pajani na haukuinuka. Majirani walikuwepo, wanaume wanne wakicheza bao.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sema kwa sauti, watu wasikie ulichofuata."

Nilimwambia kwa sauti. Niliomba msamaha wa bega, kisha nikaomba kuachiwa. Wacheza bao waliacha kete zao.

"Huyu ndiye gari?" mmoja alimuuliza. "Lile uliloanguka toka juu yake?"

"Ndiye," Fundi alisema.

Walisimama wote wanne. Fundi aliwafanyia ishara wakae. "Wa kwangu huyu. Msimguse." Kisha akaniambia, "Sogea. Unajua kofi."

Nililijua. Kwa mafundi wa kwetu anayeachiwa hupigwa kofi moja mbele ya watu, la mwisho, na likishauma hakuna fundi mwenye ruhusa ya kumpiga tena. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Aliinua mkono wa kulia, ule wa makovu, akanipiga. Lilikuwa kofi la mtu aliyekaa. Liligusa shavu likapita.

"Limeuma?" aliuliza, akiinama kunitazama.

Ningesema ndiyo, ningeondoka na neno lake, lakini ingekuwa tano nyingine ya uongo.

"Halijauma, Fundi."

Wacheza bao walicheka. Yeye hakucheka. Alijivuta mbele ya kiti akanipiga la pili, na kichwa changu kikageuka.

"Limeuma?"

"Bado, Fundi."

Hakuna aliyecheka tena. Dada yake alitoka mlangoni akisema, "Kaka, acha, kaka." Fundi alisimama. Alisimama kwa shida, bega lile likining'inia, akavuta mkono nyuma mpaka nyuma, na kofi la tatu lilinilaza ubavu mchangani. Sikio lilipiga kengele. Damu ilinijaa mdomoni.

Alisimama juu yangu akihema. "Hilo?"

"Hilo limeuma, Fundi."

"Basi umeachiwa," alisema, akageukia kiti chake. "Inuka, usinichafulie uwanja wa watu."